Pete na sindano za kujikinga na VVU: sisi wake za watu tunaambiwa na nani?

#1 Mama_Pareto (Ilomba, Mbeya)
Wakuu salaam. Jumamosi iliyopita kwenye kikoba chetu, tumeshahesabu hisa na tunasubiri chai, mwenzetu mmoja akatoa simu. Akatuonyesha video aliyotumiwa na binti yake anayefanya biashara ng'ambo ya Tunduma. Inasema kuna sindano ya tumboni, unachomwa mara mbili tu kwa mwaka, virusi huvipati. Mwishoni ikatokea picha ya pete ya mpira, eti hiyo mwanamke anajiwekea mwenyewe ndani na kukaa nayo mwezi mzima.

Tulikuwa kumi na moja. Kilichofuata ni vurugu. Watatu wakasema chanjo ya UKIMWI imepatikana. Wawili wakasema hiyo ni ile ile ya uzazi wa mpango, imebadilishwa jina. Mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa, akasema mambo ya pete yeye hagusi. Pete anazijua, zimeandikwa kwenye vibao vya waganga pale Kabwe, "pete ya bahati, mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyoibiwa", na mwisho wake anaujua. Mwingine akaniinamia sikioni: "Mume akiigusa, je?"

Swali langu. Vitu hivi nikiperuzi naona wenzetu wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini wanavizungumza miaka sasa. Sisi ndio tuko kwenye mkanda unaoongoza nchi nzima kwa maambukizi. Inakuwaje mwanamke wa Ilomba, tena ameolewa, habari hii aipate kwa video ya dakika mbili kutoka Nakonde, upande wa Zambia? Kliniki ya wajawazito nimeenda mimba tatu, hakuna aliyenigusia hata neno. Nani kazi yake kutuambia?

#2 Ulanzi_Fresh
Nimeweka kigoda. Ngoja wajuzi waje.

#3 Parachichi_Makambako
Hapo kwenye mkanda umenena. Njombe 14.8%, hakuna mkoa unaotufikia, na sababu haihitaji profesa. Njoo Makambako saa tatu usiku uhesabu malori. Barabara ya Songea inakutana na ya Zambia hapa hapa, dereva anakula hapa, analala hapa. Sasa watu wa afya wanaona lori, wanaona baa, wanapeleka elimu baa. Wanasahau kwamba dereva na mteja wa baa wote wana wake nyumbani.

#4 Takwimu_Kavu
Parachichi, hiyo 14.8 ni ya utafiti wa 2011/12, tena ni ya watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2016/17 Njombe ilikuwa 11.4. Wa karibuni, 2022/23, Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Taifa zima 4.4. Na ukitaka kujua kwa nini mleta mada anauliza kama mwanamke: kitaifa wanawake 5.6, wanaume 3.0.

#5 Parachichi_Makambako
Sawa mkuu, nimenyooshwa. Bado tunaongoza lakini.

#6 Bin_Mwakaleli
Mimi siku ya kwanza kuona bango limeandikwa DAWA KINGA nilijua Wakinga wamefungua duka lingine. Nikasema hawa watu sasa hadi dawa zao za utajiri wanaweka hadharani.

#7 Mkinga_Halisi
Ingekuwa yetu ungeuziwa kwa jumla, tena usingepewa risiti.

#8 Bin_Mwakaleli
Nimecheka peke yangu kwenye bajaji, watu wananiangalia.

#9 Sista_Mstaafu (Tukuyu)
Wanangu, nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja, acheni niseme kidogo halafu mtaendelea na Wakinga wenu.

Mama Pareto, mke wa mzee wa kanisa msimcheke. Lugha ndiyo imetuponza. "Pete" Mbeya hii ina maana mbili, ya ndoa na ya mganga. "Chanjo" vijijini kwetu ni ile ya hospitali na pia ni chale za wembe. "Kinga" ukitamka, wengine wanaelewa kondomu, wengine wanaelewa hirizi. Halafu unasimama mbele ya wanawake unasema "kuna pete ya kinga". Kila mmoja anaondoka na lake.

Kwa hiyo moja moja.

Vidonge vya PrEP, ndiyo hiyo dawa kinga ya kwenye bango: unameza kila siku, mwanamke anahitaji siku saba kabla dawa haijatosha kumlinda. Hivi ndivyo vya zamani, Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza tangu 2015, na vituo vingi vinavyo.

Pete: ni duara laini la silikoni lenye dawa ya dapivirine miligramu 25. Unaikunja kama namba nane, unaisukuma ndani kwa kidole, inakaa siku 28, unatoa, unaweka mpya. Haipotei tumboni, mlango wa kizazi umefunga njia. Inahitaji saa 24 ianze kazi. Ikidondoka mahali safi unaisuuza kwa maji safi unairudisha. Ikidondoka chooni, iache huko huko, tumia nyingine. Haizuii mimba, haizuii kaswende wala kisonono. Shirika la Afya liliipitisha Januari 2021.

Sindano ni mbili. Ya cabotegravir inachomwa kwenye tako, mbili za mwanzo zinapishana mwezi, baada ya hapo kila miezi miwili. Ya lenacapavir ndiyo ya video yenu, chini ya ngozi ya tumbo kila miezi sita, na siku ya kwanza na ya pili unameza na vidonge. Inaacha kivimbe kidogo pale ilipochomwa, usiogope. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni chanjo. Chanjo inaufundisha mwili kupigana. Hii ni dawa, ikiisha mwilini na ulinzi umekwisha. Na zote hizi, pete na vidonge na sindano, kwanza unapimwa VVU.

Mume akiigusa? Wengi hawaihisi. Wapo wachache walioihisi.

#10 Fundi_Nondo
Shikamoo Sista. Lakini hiyo pete nimesoma mahali inakinga asilimia 30 tu. Si bora kondomu? Kwa nini tuuziwe kitu nusu?

#11 Sista_Mstaafu (Tukuyu)
Marahaba. Tafiti mbili kubwa za 2016 zilitoa 27 na 31, ndiyo. Lakini hiyo ni hesabu ya wote waliopewa, pamoja na waliokuwa wanaivua wakirudi nyumbani na kuivaa asubuhi ya kwenda kliniki. Katika mmoja wa tafiti hizo, waliozidi miaka 21 walipata kinga zaidi ya nusu. Wa miaka 18 hadi 21 karibu hawakufaidika, na vipimo vilionyesha ndio walioivaa kwa kusuasua. Kuhusu kondomu, mwanangu, kondomu unaivaa wewe. Mwanamke anayeweza kukwambia "vaa" na ukavaa, huyo hahitaji pete yangu.

#12 Fundi_Nondo
Dah. Nimekaa.

#13 Kande_Mbichi
Sista umesahau kondomu za kike, zile Lady Pepeta. Ziliishia wapi? Sisi tukiwa shule Iringa tulikuwa tunang'oa ile pete ya nje tunavaa kama bangili. Darasa zima mikono imejaa. Mwalimu wa nidhamu alidhani ni fasheni, mpaka yeye mwenyewe akamnunulia mwanae. Sasa mkija na pete nyingine, jiandaeni.

#14 Ulanzi_Fresh
Kande umeniua. Mwalimu wa nidhamu!

#15 Simba_wa_Kalenga
Nyie endeleeni kucheka. Hawa wazungu wanatupima sisi kama panya. Majaribio yote Uganda, Malawi, Afrika Kusini. Hapa hapa Mbeya walileta chanjo ya majaribio kimya kimya ikafeli, nani alitangaziwa? Halafu mnashangaa kina mama kukimbia sindano. Mbeya hii ya wachuna ngozi, mtu akija na sindano na gari jeupe wewe unamkaribisha?

#16 Takwimu_Kavu
Simba, nusu yako kweli, nusu yako hapana. Jaribio lilikuwepo, linaitwa PrEPVacc, lilifanyika Masaka, Durban, Dar na Mbeya. Washiriki walikuwa watu wazima wa miaka 18 hadi 40, waliojitolea kwa kusaini. Desemba 2023 walitangaza wazi kwamba wamesimamisha chanjo kwa sababu haikuonyesha dalili ya kufanya kazi. Hiyo siyo kimya kimya, ni wewe hukusikia. Na hapo narudi kwa mleta mada: kwa nini hukusikia?

Kuhusu panya: lenacapavir ilijaribiwa kwa wasichana wa Afrika Kusini na Uganda, kwenye kundi la sindano walikuwa 2,134, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Zero. Marekani waliipitisha Juni 2025, na kwao bei ya orodha ni zaidi ya dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Panya wa bei hiyo simjui. Kwa nchi zetu yametangazwa makubaliano ya dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027, dawa hiyo hiyo ikitengenezwa na kampuni nyingine.

#17 Simba_wa_Kalenga
Zero kwa watu elfu mbili? Wewe mwenyewe unaamini?

#18 Sista_Mstaafu (Tukuyu)
Mimi naamini, kwa sababu makundi ya vidonge kwenye utafiti huo huo waliambukizwa. Vidonge si vibaya. Havikumezwa. Ndiyo tofauti yote, sindano haisahauliwi mezani wala haifichwi.

#19 Shangazi_Soweto
Mimi sindano yoyote hapana. Ile ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango si ndiyo walisema inaleta virusi? Dada yangu alichoma miaka, akaukwaa.

#20 Takwimu_Kavu
Pole kwa dada. Hilo lilichunguzwa, wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, majibu yakatoka 2019: hapakuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano ile, kitanzi na kijiti. Ila makundi yote matatu waliambukizwa kwa wingi, maana sindano ya mimba haizuii virusi.

#21 Shangazi_Soweto
Sasa mbona hawakurudi kutuambia? Walipotutisha walikuja na spika.

#22 Rika_Mafinga
Hapo Shangazi ndipo penyewe. Niwape ya ndani. Nilikuwa mwelimishaji rika huku Mafinga, kwenye mradi, jina siweki. Tulikuwa na fomu. Safu ya kwanza wadada wa baa, safu ya pili wasichana wa miaka 15 hadi 24, safu ya tatu wengine wa makundi maalumu. Mke wa mtu mwenye miaka 34, mume wake anapasua mbao porini Sao Hill anarudi mwisho wa mwezi, hana safu. Nikikaa naye saa nzima chini ya mti nikamweleza, jioni kwenye ripoti ni sifuri. Nikikutana na wadada watano baa kwa dakika kumi, ni watano. Ungekuwa wewe ungeenda wapi?

Na meza yetu pale kituoni ilikuwa na kitambaa cha rangi yake, kila mtu mjini anaijua. Mama akisogea, bodaboda wote wa kijiweni wanageuka. Nilimwona mmoja alizunguka mara tatu amebeba mtoto, mara ya nne akaniuliza "vyandarua mnatoa?" Nikajua. Sikuwa na chandarua. Akaondoka.

Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, tukaambiwa tubaki nyumbani. Februari kikatoka kibali kwamba PrEP kwa fedha zao iendelee kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Yaani ghafla mtu wa kliniki kama Mama Pareto ndiye aliyebaki kwenye orodha, na sisi wa kumwambia hatupo.

#23 Mama_Pareto (Ilomba, Mbeya)
Rika, hiyo ya chandarua imenikaa rohoni. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo.

#24 Mtumishi_Igawilo
Mimi nauliza tofauti. Mke wa mtu anataka kinga ya nini? Mkifungua mlango huu mnahalalisha uzinzi. Neno liko wazi.

#25 Kande_Mbichi
Mtumishi, anayezini ni nani hapo? Soma tena #22.

#26 Semi_Tunduma
Nawasoma toka jana, nikasema ninyamaze, nimeshindwa.

Mwaka juzi nimetoka na lori Kasumbalesa, mpakani na Kongo, foleni siku kumi na tisa. Nafika nyumbani usiku, mama watoto yuko msibani kwao Chimala. Njaa inauma, nikasema nisonge ugali mwenyewe. Nachota unga kwenye ndoo, kikombe kikagonga kitu. Kichupa cheupe, kimeviringishwa kitambaa, na ndani vidonge vimefungiwa pamba ili visilie. Nilikaa chini pale pale jikoni, mkono umejaa unga. Nikasema basi, mwenzangu anao, ananificha, na mimi ninao.

Ugali sikusonga. Asubuhi nikampigia simu, maneno niliyomwambia sirudii hapa. Alikaa kwao wiki tatu. Mpaka mjomba wake akaniita, nikakalishwa, mke wangu akatoa kadi yake. Hana kitu. Vidonge ni vya kujikinga, alikuwa na miezi minne anameza.

Sasa wataalamu mnasema tatizo ni jina, sijui kitambaa cha meza. Kwangu halikuwa jina. Alikuwa anajikinga na nani? Na mimi. Yeye hatoki. Aliniangalia navyoondoka na kurudi miaka yote hiyo, akapiga hesabu yake kimya.

#27 Fundi_Nondo
Pole kaka.

#28 Simba_wa_Kalenga
Chai hii. Nani anaficha dawa kwenye unga?

#29 Shangazi_Soweto
Simba wewe hujawahi kuficha kitu kwa mwanaume. Kwenye unga ndipo asipogusa. Huyu aligusa kwa njaa.

#30 Sista_Mstaafu (Tukuyu)
Si chai. Kile kichupa kinafanana na cha wanaotumia dawa za kufubaza, na dawa zenyewe zinafanana, ile iitwayo tenofovir iko kote kote. Ofisini kwangu walikuwa wananiomba bahasha za khaki, kichupa wanakiacha kwangu. Wengine walivihamishia kwenye kopo la panadol, nikawakataza, maana mtoto akiugua kichwa je? Ndiyo maana nasema pete na sindano zina faida ambayo haiko kwenye asilimia. Hazilii.

Baba Semi, nikuulize kama mama yako. Ulipima?

#31 Semi_Tunduma
Nilipima mama. Mara mbili.

#32 Bin_Mwakaleli
Majibu?

#33 Semi_Tunduma
Hayo ni yangu na mke wangu.

#34 Parachichi_Makambako
Heshima. Mimi bado niko kwenye hoja yangu ya #3, barabara ni barabara. Ila naongeza: elimu ipelekwe kwa madereva wawaambie wake zao.

#35 Kande_Mbichi
Dereva amwambie mkewe "jikinge na mimi"? Parachichi umelewa ulanzi.

#36 Ulanzi_Fresh
Msinitaje bure, msimu haujafika, mianzi bado haijaanza kutoa.

#37 Mkinga_Halisi
Swali la biashara. Zambia wanayo hiyo sindano?

#38 Takwimu_Kavu
Zambia na Eswatini ndio waliopokea shehena za kwanza, Novemba 2025. Ndiyo maana video ilivukia Tunduma.

#39 Mkinga_Halisi
Sasa Nakonde wanaomba kitambulisho au unaingia tu?

#40 Semi_Tunduma
Mimi napita na mzigo, foleni za zahanati sizijui. Na mkuu usiende kununua ujumla, hiyo haiuzwi kwa katoni.

#41 Mama_Pareto (Ilomba, Mbeya)
Wakuu mrejesho. Nimesoma yote, asanteni, hasa Sista. Mimi ninavyoona Sista na Rika mko sahihi wote na bado haitoshi, maana hata kama ningeambiwa kliniki sijui kama ningethubutu kusogea, nikikumbuka hiyo habari ya chandarua. Semi naye ameharibu usingizi wangu.

Nimeongea na mwenyekiti wa kikoba, tumempata nesi mmoja jirani yetu, atakuja Jumamosi hii bila sare na bila meza. Mabishano yalikuwa kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu waume wa wanachama wawili huwa wanalisoma, wanakagua marejesho. Mke wa mzee wa kanisa alisema tuandike "afya ya mama". Mwingine akasema hapana, mume wake atauliza afya gani, umeugua nini. Tumekubaliana iwe ajenda namba sita, Mengineyo.

#42 Shangazi_Soweto
Namimi nije? Mimi si mwanachama.

#43 Mama_Pareto (Ilomba, Mbeya)
Njoo saa tisa. Ukiulizwa sema umekuja kukopa.

#44 Kijana_wa_Ipogolo
Habari wakuu, sijasoma kurasa zote. Hii pete inauzwa wapi hapa Iringa mjini na bei gani? Nataka kumnunulia mchumba, namba ya kidole ninayo.

#45 Ulanzi_Fresh
Sista njoo huku.